Foleni ya upasuaji wa mtoto wa jicho: mwongozo kwa mgonjwa wa Lamu na anayemsindikiza

Swali linalosikika mara nyingi kuliko yote kwenye benchi la kliniki ya macho ni hili: mbona fulani, aliyeandikishwa baada yangu, ameitwa kabla yangu? Anayeuliza huwa amekwisha kujijibu moyoni kwamba huyo fulani ana jamaa yake ndani, na sitaki kudai kwamba jambo hilo halijapata kutokea. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa. Orodha ya upasuaji wa mtoto wa jicho haipangwi kama foleni ya bombani, ambapo ndoo iliyotangulia ndiyo inayotangulia kujazwa. Hupangwa kwa haja, na haja hiyo husomwa kwenye kadi ya mgonjwa, kiasi kwamba shida isiyoandikwa kwenye kadi ni sawa na shida isiyokuwapo. Mwongozo huu unafuata hatua ambazo mgonjwa huzipitia, na katika kila hatua unaeleza kinachotazamwa na la kufanya ili upewe nafasi unayostahili.

Nimemfikiria zaidi mtu wa Faza, Siyu, Kizingitini au Kiunga, ambaye safari moja ya kwenda mjini humla siku nzima, nauli ya boti na mtu wa kumshika mkono. Wa Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wenyewe wa Lamu, atafuata hatua hizo hizo kwa wepesi zaidi.

Hatua ya 1: Pimwa, kila jicho peke yake

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia ndani ya lenzi, ile sehemu angavu iliyo nyuma ya mboni. Uzee ndio sababu kubwa, lakini kisukari, jeraha la jicho na matumizi ya muda mrefu ya dawa za jamii ya steroidi, zikiwemo zile za matone ambazo watu hujinunulia dukani bila kuandikiwa, huweza kuuleta mapema. Hakuna tone, asali, wanja wala miwani inayouondoa ukungu huo. Dawa yake ni upasuaji wa kuitoa lenzi iliyochafuka na kutia ya bandia mahali pake, jambo ambalo daktari Harold Ridley alilifanya kwa mara ya kwanza mjini London mwaka 1949 na ambalo sasa ni miongoni mwa upasuaji unaofanywa kwa wingi zaidi duniani.

Hata hivyo si kila jicho linalofifia lina mtoto wa jicho. Presha ya macho, madhara ya kisukari kwenye pazia la nyuma ya jicho, na makovu ya kioo cha mbele, yote humfanya mtu aseme kwamba anaona ukungu. Mwenye presha ya macho akijiandikisha kichwani mwake kuwa ana mtoto wa jicho, akakaa nyumbani kungoja siku yake, anapoteza nuru ambayo hakuna upasuaji utakaoirudisha. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimwa na mtu aliyesomea macho. Muulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au zahanati iliyo karibu, siku ya kliniki ya macho katika Hospitali ya King Fahd mjini Lamu, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya kaunti. Wa bara aanze kwa kuuliza Mpeketoni. Usishangae ukipokewa na tabibu au muuguzi badala ya daktari bingwa. Nchini Kenya wapo matabibu waliosomea macho, na baadhi yao wamefunzwa kufanya upasuaji huu wenyewe.

Utasimamishwa mbele ya ubao wa herufi au wa alama ya E iliyogeuzwa huku na huku, na hapo ndipo zinapopatikana nambari zitakazokupanga. Jicho zima husoma 6/6. Anayepata 6/60 anakiona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona akiwa mita 60. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye jicho lake bora liko chini ya 6/60 ana upungufu mkubwa wa kuona, na jicho hilo likiwa chini ya 3/60, yaani asiweze kuhesabu vidole vya mtu aliyesimama mita 3 mbele yake, huyo huhesabiwa kuwa kipofu.

Maneno ya kuzingatia hapo ni jicho bora. Chukua watu wawili. Wa kwanza jicho lake la kulia limeziba kabisa kwa mtoto wa jicho, hata mboni inaonekana nyeupe, lakini la kushoto linasoma 6/9. Wa pili hana jicho linaloonekana kuwa na kasoro, mboni zake ni nyeusi zenye ukijivu kidogo tu, ila macho yote mawili yanasoma 6/60. Mtaani watu watamhurumia wa kwanza kwa sababu ugonjwa wake unaonekana. Kwenye orodha wa pili hutangulia, kwa kuwa wa kwanza anatembea mwenyewe na wa pili hawezi. Ukilielewa hili, nusu ya manung'uniko ya benchini yanakwisha.

Omba upimwe ukiwa umevaa miwani yako kama unayo, na uombe nambari za macho yote mawili ziandikwe kwenye kadi, pamoja na tarehe. Kisha ipige picha kadi hiyo kwa simu ya mjukuu. Karatasi zetu hulowa botini.

Hatua ya 2: Jua kama wewe ni wa orodha au wa dharura

Wapo ambao hawapaswi kungoja hata kidogo, na kuwaandika kwenye orodha ya kawaida ni kosa.

Wa kwanza ni mtoto mchanga. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, au mtoto akiwa hafuati uso wa mamake kwa macho, apelekwe mara moja, kwa sababu ubongo hujifunza kuona katika wiki na miezi ya mwanzo, na jicho lililofunikwa wakati huo huweza kubaki dhaifu maisha yote hata lenzi ikija kusafishwa baadaye. Mtoto huhitaji kulazwa usingizi kwa dawa, hivyo mara nyingi atapewa rufaa ya kwenda Mombasa au mbali zaidi. Akitokea mtu akakwambia umngoje akue, tafuta mwingine wa kumuuliza siku hiyo hiyo.

Wa pili ni mtu mzima mwenye mtoto wa jicho wa siku nyingi ambaye ghafla jicho limekuwa jekundu, linauma, kichwa kinagonga na pengine anatapika. Lenzi iliyoiva kupita kiasi huweza kuvimba au kuvuja, presha ya ndani ya jicho ikapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukafa. Hiyo ni safari ya leo, hata kama boti ni ya kukodi. Niseme hapa pia kwamba ule usemi wa wazee kuwa mtoto wa jicho aachwe aive kwanza ndipo akatwe ulitoka kwenye upasuaji wa zamani. Siku hizi hakuna haja ya kungoja uive, na ulioiva mno humpa mpasuaji kazi ngumu zaidi.

Wa tatu ni aliyejeruhiwa: ndoana, kibanzi cha boriti, msumari uliorukia jicho chombo kikitengenezwa. Lifunike jicho bila kulikandamiza, usitie chochote, nenda.

Kati ya dharura na orodha ya kawaida kuna watu wanaosogezwa mbele: mwenye jicho moja tu lililobaki, aliye kipofu wa macho yote mawili kwa sababu ya mtoto wa jicho, na mgonjwa wa kisukari ambaye ukungu wake umemzuia daktari kulitazama pazia la nyuma ya jicho, ambako pengine kuna damu inayovuja na kuhitaji matibabu. Ikiwa wewe ni mmoja wao, uliza waziwazi kama kadi yako imetiwa alama ya haraka. Swali hilo si utovu wa adabu.

Na kuna anayeondolewa kwenye orodha. Daktari humulika tochi kutoka pande mbalimbali na kumwuliza mgonjwa mwanga unatokea wapi, kisha hutazama kama mboni inajikunja. Jicho lisilotambua mwanga kabisa huenda limeharibika nyuma ya lenzi, na kulipasua ni kumpa mtu maumivu na matumaini yasiyo na msingi. Kukataliwa kwa sababu hiyo ni uamuzi wa kitabibu. Una haki ya kuelezwa sababu yenyewe, na ya kutafuta maoni ya pili.

Hatua ya 3: Sema usichoweza kufanya

Hapa ndipo watu wa kwetu tunapojipotezea nafasi, na kwa adabu zetu wenyewe.

Bibi anaingia chumbani ameshikwa mkono na mjukuu. Tabibu anauliza, "Bibi, macho vipi, waona?" Naye anajibu kama alivyofunzwa kumjibu kila anayemuuliza hali: "Alhamdulillahi, mwanangu, naona." Tabibu, aliye na watu 40 mlangoni, anaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko makubwa. Bibi amemshukuru Mungu, na ni haki yake. Ila hakujua kwamba yale yalikuwa mahojiano. Nimekaa pembeni ya mazungumzo kama hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na mara nyingi ni mjukuu anayekohoa kidogo na kusema, "Jana alimwaga chai ya moto mapajani."

Nambari za ubaoni hazitoshi, na wataalamu wenyewe wanalijua hilo. Huko New Zealand, katika miaka ya 1990, walianza kuwapa wagonjwa alama kwa kujumlisha uwezo wa macho na athari ya ugonjwa kwa kazi na maisha yao, ili mwenye alama nyingi atangulie. Uswidi waliwagawa wagonjwa wa mtoto wa jicho katika makundi 4 ya haja, wakitazama macho pamoja na shida ambazo mgonjwa mwenyewe anazieleza. Uingereza, mwongozo wa kitaifa uliotolewa mwaka 2017 ulikataza kumnyima mtu upasuaji kwa kutazama nambari ya ubaoni pekee. Kanada walikubaliana mwaka 2005 kwamba wagonjwa wa mtoto wa jicho walio katika hatari kubwa wasingoje zaidi ya wiki 16. Alama nazo zina ila yake: palipowekwa kiwango cha kuvuka, madaktari wengine wa New Zealand walituhumiwa kuongeza chumvi ili wagonjwa wao wavuke. Pamoja na hayo yote, linalojirudia katika nchi zote hizo ni kwamba maisha ya mgonjwa ni sehemu ya kipimo, na hakuna mashine inayoyapima. Mpaka ayaseme.

Basi siku moja kabla ya kwenda kliniki, kaeni nyumbani na mwandike mambo matano au sita ambayo mgonjwa alikuwa akiyafanya na sasa hayawezi. Yawe mambo ya hapa, yenye sura. Anayeshona kofia aseme kwamba hawezi tena kuuona uzi wala tundu, na kwamba kofia iliyokuwa ikimchukua miezi miwili sasa imekaa miezi minane. Anayesuka mkeka aseme miaa inampotea. Anayepika aseme hawezi kuchagua mchele, na kwamba watoto wametafuna mawe. Mvuvi aseme haoni boya, wala hasomi rangi ya maji kwenye mwamba, na kwamba mwezi huu amebaki pwani. Anayekaa nyumba ya ghorofa, zile ngazi zetu nyembamba za mawe, aseme ameanguka mara ngapi na lini, kwa sababu kuanguka kwa mzee ni hatari ambayo wapangaji wa orodha huipa uzito mkubwa. Aseme kama punda humgonga kichochoroni kwa kuwa hamwoni mpaka afike, kama ameshindwa kutofautisha noti ya 200 na ya 1,000, kama hawatambui watu kwa nyuso ila kwa sauti. Wengine huona sawa kivulini lakini wakitoka juani hawaoni kitu, na ubao ulio ndani ya chumba hauwezi kulijua hilo.

Aseme pia anaishi na nani na anamlea nani. Bibi anayelea wajukuu watatu ambao mama yao yuko kazini Mombasa, au mzee anayemuuguza mkewe aliyepooza, akipofuka hapofuki peke yake. Mhudumu makini huliandika hilo. Asiyeliuliza umwambie.

Neno moja kwa wanaume wa nyumbani. Duniani, miongoni mwa waliopofushwa na mtoto wa jicho, wanawake ni wengi kuliko wanaume, na katika nchi nyingi hufikiwa na upasuaji kwa uchache zaidi. Sababu zake hazihitaji kuelezwa mbali: nauli hutolewa kwanza kwa anayeleta pesa, na mama husema atangoja mpaka kijana arudi kutoka baharini. Mama akisema anaweza kungoja, usimsadiki haraka. Simameni naye mita 3 uani, mchana, mfunike jicho moja kwa kiganja, mwoneshe vidole, kisha jingine. Jibu mtalipata hapo hapo.

Hatua ya 4: Uwe tayari kuingia chumba cha upasuaji

Wapo wanaofika siku yao na kurudishwa nyumbani, na nafasi yao huchukuliwa na aliyekuwa tayari. Sababu ni zile zile kila mara. Presha ya damu ikiwa juu, upasuaji huahirishwa; madaktari wengi husita kipimo cha juu kinapozidi 180 au cha chini kinapozidi 110. Sukari isiyodhibitiwa huongeza hatari ya uambukizo. Kikohozi kikali ni tatizo, kwa kuwa mgonjwa mzima hupasuliwa akiwa macho, jicho likiwa limetiwa ganzi, na anapaswa kulala chali bila kutikisika. Jicho lenye matongo au kope zilizovimba halifunguliwi mpaka lipone. Kwa hiyo, tangu siku unayoandikishwa, rudi zahanati upimwe presha na sukari, meza dawa zako kama ulivyoandikiwa, na usiziache asubuhi ya upasuaji isipokuwa umeambiwa.

Beba dawa zote kwenye mfuko na uzioneshe. Mbili kati ya hizo husahaulika. Ya kwanza ni dawa za kufanya damu iwe nyepesi; usiziache kwa kujiamulia, bali zitaje. Ya pili ni dawa ya tezi la kiume iitwayo tamsulosini, ambayo hulegeza kitambaa cha rangi ndani ya jicho na kumsumbua mpasuaji asiyetarajia. Wazee wetu huona haya kuitaja mbele ya muuguzi mwanamke. Basi aandike jina lake kwenye karatasi, au aoneshe pakiti tu.

Kabla ya upasuaji jicho hupimwa urefu na mkunjo wake ili ijulikane lenzi ya nguvu gani itawekwa. Uliza kipimo hicho kitafanywa lini, kwa sababu mara nyingine ni siku tofauti, na kwa mtu wa Kiwayu siku tofauti ni safari nyingine.

Hatua ya 5: Jiandikishe inavyofaa, na upatikane

Uliza jina lako limeandikwa kwenye orodha gani. Orodha ya hospitali na orodha ya kambi ya macho ni vitu viwili, na kujiandikisha kwenye moja hakukuingizi kwenye nyingine. Kambi, ambapo timu huja kwa siku chache na kupasua watu wengi, huwachagua zaidi wale ambao macho yao hayana utata. Mwenye presha ya macho au kovu huenda akaambiwa asubiri hospitali kubwa, hata kama haja yake ni kubwa kuliko ya waliochukuliwa. Hilo halina maana kwamba ametupwa. Lina maana kwamba anahitaji rufaa ya maandishi, na asiondoke bila hiyo. Mombasa kuna Lighthouse for Christ Eye Centre na hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, na kusini zaidi kuna kituo cha macho cha Kwale. Kila mahali pana orodha yake na utaratibu wake wa malipo.

Kuhusu malipo, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Hakikisha usajili wa mgonjwa umekamilika na mchango haujakatika, kisha uulize mambo mawili: kama hospitali hiyo ina mkataba na SHA kwa upasuaji wa macho, na nani ataomba idhini kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa aliyeitwa huku idhini haijatoka huwa ameitwa bure.

Acha nambari za simu mbili, moja iwe ya mtu anayekaa penye mtandao. Hili naona lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa nafasi hujitokeza ghafla: mmoja amepanda presha, mwingine amefiwa, na muuguzi anapiga simu kushuka kwenye orodha mpaka apate anayejibu. Mwambie kwamba uko tayari kuitwa kwa taarifa ya siku mbili, kama kweli uko tayari.

Mwambie pia unakotoka. Boti ya Faza inayopita Mkanda, ule mlango wa bahari kati ya Manda na bara, huyangoja maji kujaa, na siku za maji mafu si kama siku za bamvua. Mgonjwa aliyeandikiwa saa mbili asubuhi huenda asifike hata kwa nia njema kabisa, akahesabiwa kuwa hakutokea na kurudishwa nyuma. Ningependa siku moja nione kadi ya kliniki yenye nafasi ya kujaza kijiji na saa za maji. Mpaka ije, lisemeni wenyewe, na ikibidi mlale mjini usiku wa kuamkia siku hiyo. Wiki ya Maulidi mji hufurika wageni na mahali pa kulala huwa adimu. Anayetaka kungoja mpaka Ramadhani ipite aseme mapema, ili tarehe ibadilishwe bila jina kufutwa. Mvuvi, kwa upande wake, afikirie kuomba tarehe ya wakati wa kusi, ambapo vyombo vingi vidogo vimepumzika na yeye angekaa nchi kavu vyovyote vile, maana baada ya upasuaji atakatazwa maji ya bahari kwa wiki kadhaa. Lakini wa Kiunga asiige hilo bila kupima, kwa kuwa kusi hiyo hiyo ndiyo itakayomzuia kufika.

Hatua ya 6: Unapongoja, usinyamaze

Nafasi yako ilipangwa kwa macho ya siku ile uliyopimwa. Ukungu huzidi. Ikiwa jicho lililokuwa likikusaidia limeanza kufifia, ikiwa umeanguka, ikiwa mtu aliyekuwa akikushika mkono amehama au amefariki, rudi upimwe tena na kadi iandikwe upya. Wengi huona kurudi ni kusumbua watu, na hivyo hubaki mwaka mzima wakipangwa kwa nambari ya zamani. Kila miezi mitatu hivi, piga simu au mtume mtu aulize kama jina lako bado limo, maana madaftari hubadilishwa na majina hunakiliwa kwa mkono, na lililorukwa halipigi kelele.

Ukiona umerukwa, uliza kwa utaratibu na kwa maneno haya haya: nimewekwa kundi gani, kwa sababu gani, na ni nini kitakachobadilisha nafasi yangu? Maswali hayo matatu humlazimu anayejibu kufungua kadi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, kwa hiyo huombi hisani. Usipojibiwa, msimamizi wa kliniki yupo, na juu yake yupo msimamizi wa hospitali. Ukienda, nenda na picha ya kadi. Kwenda na kundi la jamaa waliokasirika hakusaidii sana.

Hatua ya 7: Siku yenyewe, na jicho la pili

Asubuhi hiyo patakuwa na foleni nyingine ndogo, nayo pia haifuati aliyefika mwanzo. Watoto hutangulizwa, wenye kisukari huwekwa mapema ili wasikae na njaa, na kesi ngumu hupangwa pale mpasuaji atakapoona panafaa. Kwa kawaida hupasuliwa jicho moja, mara nyingi lile bovu zaidi. Hakikisha jicho litakalopasuliwa limetiwa alama juu ya paji, na kwamba ni lile mliloafikiana. Kabla hujaondoka, pata tarehe za kurudi kukaguliwa, maelezo ya matone, na jibu la daktari mwenyewe kuhusu kusujudu na kutawadha siku za mwanzo. Wengi huswali wameketi kwa muda, lakini muda huo autaje yeye.

Jicho la pili halijiandikishi lenyewe. Aliyekwisha kupasuliwa moja hushuka nyuma ya wale ambao hawajapata hata moja, na mimi naona ni haki iwe hivyo pale wapasuaji ni wachache. Lakini hali mbili humsogeza mbele. Ya kwanza ni pale jicho lililopasuliwa halikupata nuru iliyotarajiwa. Ya pili ni pale macho mawili yanapotofautiana sana nguvu, kiasi kwamba miwani inayofaa upande mmoja inamzungusha kichwa upande wa pili na ngazi anaziona mbilimbili. Siku ya kukaguliwa, wiki nne au sita baada ya upasuaji, omba macho yote mawili yapimwe tena, shida hiyo itajwe kwa jina lake kwenye kadi, na jina liandikwe upya kwenye orodha kabla hamjashuka gatini.